Sumaku na Ufa wa Reli ya Mpanda

Nahodha wa jahazi hapendi kuona kisu karibu na dira. Mabaharia wa Unguja na Pemba wanaijua sheria hii hata kama hawakuisoma popote: chuma kikisogezwa, sindano huyumba, na chombo kilichokusudia Tanga huweza kujikuta kinatafuta njia ya Mombasa. Kwa nahodha, basi, chuma ni adui wa dira. Lakini uadui huo unaweza kugeuzwa ukawa utumishi. Ikiwa chuma huiyumbisha sindano, sindano nayo yaweza kutumwa ikakipeleleze chuma. Na ikiwa chuma kizima huiyumbisha kwa namna moja na chuma chenye ufa kwa namna nyingine, basi sindano inayotetereka pale ilipotarajiwa kutulia inaleta habari ya kitu ambacho jicho halikioni.

Waliolitambua jambo hili mapema walikuwa watu wa mizinga. Mwaka 1868, huko Uingereza, mitutu ilitiwa sumaku kisha dira ikapitishwa kando yake, taratibu, ili kutafuta mahali ambapo chuma kimeharibika ndani. Baadaye alikuja mtu ambaye jina lake lingewahusu mabaharia wetu kwa njia nyingine kabisa. Elmer Ambrose Sperry, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1860, anakumbukwa baharini kwa dira isiyohitaji sumaku: chombo kinachozunguka kwa kasi kama pia ya mtoto, kikaitafuta kaskazini hata ndani ya meli iliyojengwa yote kwa chuma. Mtu huyo huyo aliyewaokoa manahodha na ghasia za chuma ndiye aliyetumia miaka yake ya mwisho kuzisikiliza ghasia hizo. Mwaka 1928, miaka miwili kabla ya kufa kwake, behewa lake la ukaguzi lilianza kupita juu ya reli za Marekani likitafuta nyufa zilizofichika.

Kisa chake kilikuwa kizito. Tarehe 25 Agosti 1911, karibu na mji mdogo uitwao Manchester katika jimbo la New York, reli ilivunjika chini ya gari moshi la abiria na watu 29 wakapoteza maisha. Mtaalamu James Howard alipokichunguza kichwa cha reli ile, aliukuta mpasuko uliokingama, ulioanzia ndani ya chuma na kukua kidogo kidogo. Mkaguzi aliyepita juu yake asubuhi ya siku ile, hata angekuwa na macho ya mwewe, asingeona kitu. Kwa hiyo Sperry aliipitishia reli umeme mwingi mno wa volti ndogo. Umeme ukienda unazungukwa na uga wa sumaku. Ukikutana na mpasuko unajipinda kuukwepa, na uga nao unapinda. Koili ndogo inayoburutwa juu ya reli ikisikia mpindo huo, kalamu huruka juu ya karatasi.

Watu wa visiwani wanaweza kuuliza reli inawahusu nini. Unguja iliwahi kuwa na reli yake, kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kutoweka kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Leo aghalabu hutajwa kama kichekesho katika mazungumzo ya barazani. Lakini bara reli si kichekesho, na hakuna mahali ambapo hilo limedhihirika kwa muda mrefu kama Mpanda.

Msemo wa mwisho wa reli wengi huupeleka Kigoma. Upo mwisho mwingine. Kutoka Kaliua, magharibi ya Tabora, tawi moja linaiacha njia kuu na kushuka kusini, likivuka Mto Ugalla na mapori ya miyombo, kilomita 210 hivi, mpaka Mpanda, mji ulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam. Tawi hilo lilijengwa na Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na sababu yake ilikuwa risasi: si risasi ya bunduki bali madini, yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, kama ngalawa iliyoachwa na mvuvi wa kwanza ikachukuliwa na wenye shida zaidi yake: ikabeba mahindi, tumbaku, asali na wasafiri, ikapita Katumba, walikopewa ardhi wakimbizi wa Burundi waliokuja baada ya mauaji ya mwaka 1972, na kwa miaka mingi kabla ya lami kufika, masika yakishauri barabara, gari moshi ndilo lililomtoa mgonjwa na kumrudisha mwanafunzi. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa.

Katika njia kama hiyo, reli moja ikikatika, hakuna njia ya pili ya kupitia pembeni.

Ni haki kusema hapa kwamba maafa makubwa ya reli nchini Tanzania hayakuletwa na ufa. Huko Igandu, mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, gari moshi la abiria lilirudi nyuma mteremkoni na kugongana na la mizigo. Wakafa watu 281. Breki, mteremko na maamuzi ya watu vina historia yao, na si vyema kuisukumia sumaku dhima isiyo yake. Ila reli ni kitu kinachochoka. Kila gurudumu linalopita huipinda kidogo na kuiachia. Jua la Septemba huirefusha: kipande cha mita 12 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi huongezeka milimita 4 na kidogo, usiku unapopoa kikajikunyata tena. Pale vipande viwili vinapounganishwa, matundu ya bolti ni mahali panapopenda kuanzisha nyufa, nazo hujificha chini ya vibao vya chuma vya kuungia mpaka siku vinapofunguliwa. Nyufa nyingine, za aina ya Manchester, hazina hata mahali pa kufunguliwa.

Watu walikuwa na mbinu zao kabla ya sumaku. Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri analipa, kikikoroma anakirudisha. Mafundi wa reli waligonga magurudumu kwa nyundo kwa hoja hiyo hiyo. Wapenzi wa mashairi wanaielewa elimu hii vizuri, maana sikio lililozoea huitambua guni kabla ya vidole kumaliza kuhesabu mizani. Tatizo ni kwamba sikio la fundi halirithiwi pamoja na nyundo yake, na kilomita 210 ni nyingi mno kwa nyundo.

Kuna jambo la kupendeza kuhusu mwelekeo wa reli ya Mpanda. Mwaka 1600 tabibu wa Kiingereza William Gilbert alitoa kitabu cha Kilatini juu ya sumaku, na ndani yake mna picha ya mhunzi anayepiga chuma cha moto juu ya fuawe huku kipande kimelazwa kaskazini na kusini. Gilbert alieleza kwamba chuma kilichopigwa kikiwa kimelala hivyo hutoka na usumaku kidogo, kwa kuwa dunia yenyewe ni sumaku kubwa na mapigo huifungulia mlango. Yumkini wahunzi wa Ufipa, majirani wa kusini wa Katavi, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, waliwahi kuunda sumaku nyingi bila kujua wala kujali. Sasa, tawi la Mpanda linaelekea kusini zaidi kuliko linavyoelekea magharibi. Reli zake zimelala karibu na mstari wa dira, na kwa miaka zaidi ya sabini magurudumu yamekuwa yakizipiga kama nyundo ya mhunzi wa Gilbert. Kwa hiyo zina haki ya kuwa na usumaku wao wenyewe, hafifu, ulioandikwa na dunia na mizigo. Katika mwongo wa 1990 Mrusi Anatoly Dubov alijenga mbinu nzima juu ya wazo kama hili, kwamba usumaku uliojiandika wenyewe unaweza kusomwa na kuonyesha pale chuma kilipoelemewa. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu kiasi cha kuaminika kwake, na wenye shaka wana hoja: uga wa dunia huko Katavi ni kama sehemu 33 tu za milioni ya tesla, ilhali kukishibisha chuma cha reli kwataka uga ndani yake unaokaribia tesla 2, yaani mara 50,000 na zaidi. Mnong'ono wa namna hiyo hufunikwa na kelele yoyote.

Wengi kwa hiyo huchagua kupaza sauti. Sumaku yenye nguvu huwekwa juu ya reli, kichwa cha reli kikashiba. Fikiri maji yanayopita katika mfereji. Mfereji ukiwa laini, hayasikiki. Wekeni jiwe katikati: maji hayasimami, hupanda juu, hujipinda, mengine yakarukia ukingoni. Nguvu ya sumaku hupita ndani ya chuma kwa wepesi mara mamia kuliko inavyopita hewani. Ikikutana na ufa, ambao si chochote ila hewa nyembamba, baadhi yake hupita chini ya ufa kwenye chuma kilichobaki, na sehemu ndogo huvuja nje ya uso wa reli, ikapaa na kuteremka upande wa pili. Huko kuvuja ndiko kunakotafutwa. Na hapa kuna sharti ambalo ni vizuri kulikumbuka: ufa unaokingama njia ya sumaku huvujisha, ufa unaolala sambamba nayo haufanyi kitu. Mkaguzi anayetia sumaku upande mmoja tu atazipa baraka nyufa zote za upande wa pili.

Ugunduzi wa kuvuja kwa macho ya kawaida unatajwa kuwa wa William Hoke, aliyeona mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba unga wa chuma kiwandani hujipanga mistari juu ya vifaa vilivyoshikwa na sumaku, na mistari hiyo hufuata nyufa. Hadi leo fundi wa kuchomelea mwenye sumaku na unga wa chuma anaweza kuukagua ungio wake kwa njia hiyo. Lakini unga hausemi ufa una kina gani. Mwenye reli anataka kujua hilo hasa. Ufa wa milimita 1 unaweza kungoja, ufa wa milimita 10 haufai kupitiwa na gari moshi la jioni. Unga wa chuma ukikoma hapo, huanza kazi ya hesabu, na hesabu hizo siku hizi hufanywa na kompyuta.

Sababu ya kuiga ufa ndani ya kompyuta ni rahisi kueleza. Ili kujua ufa wa kina fulani unavujisha kiasi gani, mtu angehitaji reli mia zenye nyufa mia za vipimo vinavyojulikana, na nyufa halisi haziji kwa kuagizwa. Kompyuta inakubali kupasua reli moja mara elfu bila kuiharibu. Milinganyo inayotawala mambo haya imejulikana tangu James Clerk Maxwell aliyoitoa mwaka 1865. Ugumu uko katika kuikokotoa kwenye umbo lenye pembe, tundu na mpasuko. Mwaka 1966 Warusi wawili, Zatsepin na Shcherbinin, walipendekeza njia ya mkato: kuta mbili za ufa zichukuliwe kana kwamba zimepakwa chaji za sumaku, kaskazini ukuta huu na kusini ukuta ule, na uvujaji uhesabiwe kutoka hapo kwa kalamu na karatasi. Njia hiyo ni nzuri kama methali ilivyo nzuri: inasema kweli kubwa kwa maneno machache na inanyamaza kuhusu mengine. Inanyamaza hasa kuhusu tabia ya chuma chenyewe, ambacho hakikubali sumaku kwa kiwango kile kile siku zote, kikiwa na njaa hula upesi, kikikaribia kushiba hugoma.

Mwaka 1975 Hwang na Lord, Marekani, walichapisha kazi iliyofungua njia ya pili, nayo kwa mtu wa Pwani haihitaji maelezo marefu, maana ni kazi ya wavu. Umbo lote, yaani sumaku, reli, ufa na hewa inayouzunguka, hutandazwa wavu wa pembetatu ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, na katika kila jicho la wavu mlinganyo mgumu hugeuzwa ukawa hesabu nyepesi inayoafikiana na majirani zake. Siri ni ukubwa wa macho. Mvuvi wa dagaa hatumii jarife, na mvua papa hatandi kimia. Mbali na ufa, macho makubwa yanatosha. Kwenye ncha ya ufa, ambapo nguvu ya sumaku hujikusanya na kupinda ghafla, macho yawe madogo mno, kama sivyo samaki anayetafutwa anapita katikati. Wanafunzi wengi wanaokosea hukosea hapo: wametandaza jarife, kisha wakatangaza kwamba bahari haina dagaa.

Matokeo yakipatikana yana sura inayotambulika. Kihisio kinachopima uvujaji ulio sambamba na reli huchora kilima kimoja juu ya ufa. Kinachopima uvujaji wa kwenda juu huchora kilima na bonde, kimoja kila upande. Kina cha ufa huinua kilima, upana wake husogeza kilima na bonde mbali, na kihisio kikinyanyuliwa hata milimita chache tu kutoka kwenye chuma, sura yote inalala na kusambaa kama wimbi lililofika kwenye maji marefu. Kadiri gari la ukaguzi linavyokwenda mbio, chuma huzalisha mikondo yake ya umeme inayoipinga sumaku na kuichafua picha. Katika nchi za magari moshi ya kasi jambo hili huwatoa wahesabuji jasho. Tawi la Mpanda, ambalo halikuwahi kutukuzwa kwa mwendo wake, lina nafuu ambayo hakuna aliyeipanga: kigari kinachosukumwa kwa mikono, mwendo wa mtu anayetembea, kinafanana vizuri na hesabu iliyo nyepesi kuliko zote, ile inayodhani kwamba kila kitu kimesimama.

Lugha nayo ina neno la kusema hapa, na mfasiri yeyote aliyewahi kukabiliana na maandishi ya namna hii anajua kwamba shida haiko palipotarajiwa. Majina ya upungufu Kiswahili kinayo tele: kasoro, dosari, ila, hitilafu, kilema, ufa, mpasuko, na lile neno la Pwani lenye heshima kuliko yote, walakini. Kitu chenye walakini bado hakijaharibika, ila mwenye busara hakinunui. Wahandisi wangelifurahia neno hilo laiti lingewafikia. Shida iko kwenye kuiga. Kamusi hutoa uigizaji, uigaji, mwigo. Uigizaji unaleta jukwaa, vilemba vya kukodi na makofi. Mwigo una harufu ya dharau, maana mwigaji katika mazungumzo yetu ni mtu asiye na lake. Uigaji ndiyo afadhali, na pengine harufu kidogo ya dharau isifutwe kabisa, kwa sababu itamkumbusha msomaji kwamba picha iliyo mbele yake si reli. Neno jingine lisiloweza kupita salama Zanzibar ni jina la chombo kinachotumwa ndani ya mabomba ya mafuta kukagua kuta zake kwa sumaku. Wahandisi wa Kizungu wamekiita nguruwe. Kuna bomba la TAZAMA, la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968, na kuna la kilomita 1,443 lililopangwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mabomba ya aina hiyo ndiyo makazi ya mnyama huyo. Akifika Chongoleani, kwenye waumini wake, bila shaka atahitaji jina jingine. Mkaguabomba linatosha.

Lakini jambo gumu kuliko yote katika elimu hii, ambalo wapenzi wa tafsiri watalielewa upesi kuliko wahandisi, ni safari ya kurudi. Ukipewa ufa, kompyuta itakuambia uvujaji wake. Mkaguzi njiani anapewa kinyume chake: anao uvujaji, anatafuta ufa. Safari hizi mbili hazilingani. Kiswahili husema yeye, na ndani ya neno hilo mwanamume na mwanamke wamekaa pamoja bila mashaka; anayelirudisha kwenye Kiingereza hawezi kujua ni nani kwa kulitazama neno peke yake, hana budi kutafuta mlango mwingine, jina, ndevu, kanga, chochote kilichotajwa kurasa mbili nyuma. Vivyo hivyo ufa mpana wa kina kifupi na ufa mwembamba wa kina kirefu waweza kutoa vilima vinavyokaribiana sana. Namba moja haitoshi kuvitenganisha. Mkaguzi mwenye akili hupima mielekeo miwili, hupima kwa kimo tofauti cha kihisio, hupita mara ya pili kwa sumaku dhaifu zaidi, yaani hutafuta kurasa mbili nyuma.

Wakazi wa Katavi si wageni wa mambo yanayojulikana kwa alama. Mkoa umechukua jina la Katabi, mzimu ambao Wabende husema unakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wanaoamini hawajadai kuuona. Na huko Karema, ufukweni mwa Tanganyika, alifanya kazi kuanzia mwaka 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956 Dakta Adriano Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Kwa miaka zaidi ya sitini alilazimika kujua kilichomo ndani ya mtu bila kumpasua, mahali ambapo mtambo wa kumsaidia haukuwepo. Kila mgonjwa alikuwa safari ya kurudi, kutoka homa kwenda kwenye chanzo cha homa, na homa moja ina vyanzo vingi.

Tabibu wa namna hiyo angekuwa na shaka na skrini, na shaka yake ingekuwa na msingi. Picha za uigaji zina urembo unaoshawishi. Chuma kinatoka na rangi za buluu, kijani, njano na nyekundu, mistari ya sumaku imejipinda kwa adabu juu ya ufa, na anayezitazama husahau kwamba kila kitu alichokiona kilikuwa kimeingizwa na mtu. Ufa ndani ya kompyuta una kuta zilizonyooka. Ufa wa kweli huenda matao kama njia ya mbuzi na umejaa kutu. Reli ya kompyuta haijachakaa upande mmoja. Haina tope la masika lililokauka, wala haikuwahi kubeba mawe ya risasi katika mwongo wa 1950.

Na lipo pengo kubwa kuliko hayo. Programu, kabla ya kuhesabu lolote, huuliza: chuma hiki hukubali sumaku kwa kiasi gani? Jibu si namba moja bali mstari uliopinda, na mstari huo hubadilika kwa kaboni iliyomo, kwa jinsi chuma kilivyopozwa kiwandani na kwa miaka ya kupondwa na magurudumu. Mhesabuji asiye na jibu hufungua orodha iliyokuja na programu na kuchagua chuma kinachofanana, kilichopimwa Ulaya au Marekani, kikiwa kipya. Kisha hesabu inakwenda barabara, hadi desimali ya nne, kuhusu reli ambayo haipo Mpanda. Hapo ndipo uigaji unapostahili ile harufu ya dharau. Mkaguzi akiambiwa kilima cha kimo fulani maana yake ni milimita 3, kumbe kwa chuma cha Mpanda maana yake ni 6, ataweka alama ya chokaa, ataandika kwamba reli ingoje mwezi ujao, na gari moshi lenye watu ndani litapita juu ya maandishi yake usiku ule ule.

Zamani mtu angesema kwamba dawa ya hili iko ughaibuni, kwenye maabara zenye fedha. Sivyo tena. Mmarekani David Meeker alitengeneza programu ya kuhesabu uga wa sumaku kwa wavu wa pembetatu na kuitoa bure; jina lake ni FEMM, na kompyuta ya kawaida ya mezani inaibeba. Inafanya kazi katika umbo bapa tu, kana kwamba reli imekatwa kama mkate na kutazamwa ubavuni, lakini kwa ufa uliokingama hapo si mahali pabaya pa kuanzia. Vihisio vinavyotumia jambo lililogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879 ni vidogo kuliko punje ya hindi na vimo ndani ya simu na pikipiki. Kijana wa Mpanda aliyemaliza hesabu za sekondari, mwenye subira ya mtunga utenzi, anaweza kujifunza yote mawili, akipata wa kumwongoza na umeme usiokatika katikati ya hesabu.

Kitu ambacho hawezi kukitoa kwenye kompyuta ni chuma chenyewe. Njia zote za reli duniani zina vipande vilivyong'olewa, vimelala kando ya mataruma vikingoja kupelekwa kwenye chakavu. Kipande kimoja, urefu wa mkono, kingetosha kwa kazi ya miezi. Msumeno wa chuma ukate mfuo wa milimita 2 juu ya kichwa cha reli, mwingine wa 4, mwingine wa 6, kila mmoja mbali na mwenzake. Sumaku iwekwe, kihisio kipitishwe juu ya kila mfuo, mara ya kwanza kikigusa karibu chuma, mara ya pili kimeinuliwa kwa unene wa sarafu, na namba ziandikwe daftarini kwa wino. Baada ya hapo ndipo kompyuta iulizwe, na mstari uliopinda usogezwe, juu kidogo, chini kidogo, mpaka vilima vya skrini na vilima vya daftari vikae mahali pamoja.